Nusu Mzunguko

Swabri wa Shela alikuja na Forester ya kijivu,
boneti inachoma, na yeye mwenyewe anachoma.
"Kadzo, niongezee presha.
Jana hapo Gede nimepitwa na gari la miraa,
limejaa magunia mpaka juu ya paa,
na dereva akanipungia mkono."

Nikamwambia njia zipo, wala si siri.
Unaweza kufupisha fimbo ya kile kilango,
kiwe kizito kufunguka,
moshi ukose pa kutorokea, uzidi kuzungusha tabo.
Unaweza kukata ule mpira mwembamba,
katikati ukapachika kiskrubu cha shaba
kimdanganye mlinzi wa mlango:
bado, presha ni ndogo, bado kidogo.
Au uende Mombasa kwa kijana mwenye kompyuta,
aingie akilini mwa gari alifundishe ulafi.
Ya kwanza bei ya kuku, ya pili bei ya mbuzi,
ya tatu uandae mahari.

"Ya mbuzi," akasema.

Nikamuuliza mafuta anajaza wapi. Akatazama viatu.
Nikamuuliza geji. Hana.
Anapima kwa mgongo, jinsi kiti kinavyomsukuma.
Nikamwonyesha pistoni ninayowekea misumari,
ya gari la Mwitaliano mmoja wa Kasuarina,
imetoboka kichwani kama dafu lililokwisha kunywewa.
"Na hii nayo iliombwa presha."
Akacheka. Ana miaka ishirini na miwili,
kila kitu mwilini mwake bado kina dhamana.

Alipoondoka nikafunga mdomo wa tabo kwa kopo,
nikajaza hewa kwa pampu ya magurudumu,
nikapaka maji ya sabuni kila kiungo,
nikangoja.
Chini ya kipoza hewa, pale penye klempu,
povu likaanza kupumua.
Ufa wa urefu wa kidole,
umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Kumbe mtoto wa watu hakupungukiwa.
Alikuwa akimwaga njia nzima.
Na kuvuja kwa pakacha, wanasema, nafuu ya mchukuzi:
labda ni ufa huu uliomfikisha nyumbani kila usiku.

Nikabadilisha mpira. Kazi ilikuwa imekwisha hapo.

Lakini kiskrubu kilikuwa mezani, kinang'aa,
na mimi sijawahi kuwa na gari langu.

Alfajiri nikavuka daraja la Sabaki,
mto chini yangu mzito, rangi ya chai ya maziwa.
Nyuma ya Mambrui barabara inanyooka, haina mtu.
Geji yangu nimeibandika kwa utepe juu ya dashibodi.
Kumi. Kumi na mbili. Gari linakwenda kwa adabu.
Nikasimama, nikafungua boneti,
nikazungusha nusu.

Sitasema uongo.
Kumi na tano, na mluzi ukapanda,
ukapanda tena mpaka ukawa uzi,
mikonge ya pembeni ikawa ukuta mmoja,
na tumbo langu likabaki nyuma, Mambrui.
Nilicheka peke yangu kama mwizi.

Kisha nikaisikia.
Tik. Tik-tik.
Kama punje za mwisho za bisi ndani ya sufuria.
Marehemu baba alinifundisha kusikiliza injini
kwa bisibisi iliyogusa sikio;
hii haikuhitaji bisibisi.
Mguu ukatoka wenyewe.

Nilikaa kando ya barabara hadi jua likapata joto,
nikakirudisha kiskrubu nusu mzunguko,
kisha nikakitoa chote.

Saa nne Swabri akaja, akazunguka soko mara moja,
akarudi meno yote nje.
"Umeniongezea ngapi?"
"Sijaongeza. Nimekurudishia zako."
Hakuniamini. Akalipa mpira,
akaniachia na mia mbili za soda.

Kiskrubu kimo ndani ya pistoni ya Mwitaliano,
pamoja na misumari.
Jioni nikifunga banda, huwa nakigusa.